Kompyuta Iliyoshonewa Gauni

Nilipokuwa kijana wa ndevu za kuhesabika, baba alinituma Manyoni kumpokea baba mdogo aliyekuwa anashuka na treni kutoka Tabora. Kazi yenyewe ilikuwa kukaa tu. Ukae stesheni, treni ije, baba yako mdogo ashuke, umbebee sanduku, mje nyumbani. Hata mbuzi angeiweza akifungwa kamba. Nilifika asubuhi, nikakaa kwenye benchi la saruji, nikaitazama reli mpaka nikaona na yenyewe inanitazama. Treni haikuja. Mtu wa stesheni akasema itakuja mchana. Mchana akasema tuvumilie. Kesho yake asubuhi akasema imeharibika njiani, ila inatengenezwa. Hapo akapita mtu na punda wawili wamebeba asali, anaelekea upande wa Itigi. Nikamuuliza anakwenda wapi. Kosa ndilo hilo, maana mimi nikishamuuliza mtu anakwenda wapi, nimeshaondoka naye.

Treni ikaja nyuma yangu, hata jua halijasogea sana. Baba mdogo, mtu mzima mwenye mguu mbovu, akajitafutia njia peke yake, akafika nyumbani siku ya nne na sanduku kichwani. Mimi nikafika ya sita, nina asali mdomoni. Hakunipiga. Alimgeukia baba akasema, "Kaka, huyu mtoto umemzaa bila makalio."

Alisema kweli. Shule niliishia darasa la tatu, na sikushindwa na hesabu, nilishindwa na benchi. Nikawa utingo wa malori, nikachunga ng'ombe za watu, nikatundika mizinga, nikalima alizeti. Mke wangu anasema katika ndoa yetu yote hajaniona nikimaliza kikombe cha chai pale nilipokianzia. Daftari hili lenyewe naliandika nimesimama, nimeliweka kwenye kizingiti cha dirisha, na nikifika mwisho wa ukurasa naenda kwanza kuangalia kuku.

Sasa mtu wa namna hiyo ndiye aliyeambiwa na daktari akae ndani wiki sita.

Ilikuwa jicho la kulia, mtoto wa jicho. La kushoto lilikuwa limeshatolewa mtoto wake miaka miwili kabla. Nimetoka hospitali nimefungwa pamba, naambiwa nisiiname, nisibebe kizito, nisipigwe na vumbi. Nikamuuliza daktari, Singida hii isiyo na vumbi iko wapi, nihamie? Akacheka, akaandika dawa. Kwetu Mtinko upepo ukianza unachukua shamba la mtu na kulipeleka kwa jirani, kwa hiyo wakaamua nikae Mandewa kwa binti yangu, mwenye nyumba ya saruji na madirisha ya vioo. Mke wangu akanileta, akakaa siku tano kunipanga, akarudi Mtinko kwenye mifugo.

Binti yangu ni mwalimu wa shule ya msingi, na wakati huo alikuwa anasoma digrii kwa njia ya kukaa nyumbani. Nieleze hapa jambo moja, maana nikilipita mtaona nilijisumbua bure. Mwaka ule wa jicho la kushoto alikuwa amebakiza kazi yake ya mwisho, ile wanayoiita utafiti. Akaiacha, akanipeleka hospitali, akaniuguza, muda ukapita, chuo kikamwambia arudie mwaka. Akarudia. Sasa amefika tena palepale, na jicho jingine la baba yake nalo likaona huu ndio wakati wake. Chuo kilikuwa kimemwongezea muda mara moja na kikasema basi. Kazi ifike Ijumaa kabla ya saa sita mchana, isipofika anaondolewa kabisa. Hakunilaumu hata siku moja. Angenilaumu ningepumua.

Kazi hiyo yote ilikuwa ndani ya kompyuta, kwenye meza ya sebuleni, mita moja kutoka kiti changu. Siyo hizi za kukunja kama kitabu. Ni ile ya zamani: kioo chake peke yake, na kasha jeusi kubwa kama debe limelazwa pembeni, ndilo lenye akili. Aliipata ofisi fulani ilipokuwa inaondoa vitu vyake vya kale, na watu wa ofisi walikuwa wameshaichosha. Lakini ilikuwa inakwenda. Nilipofika Mandewa niliiona inakwenda, anabonyeza na yenyewe inaitika.

Halafu ikaanza uzito. Anabonyeza, kinatokea kiduara, kinazunguka. Anakaa na mikono mapajani. Anakwenda jikoni, anageuza ugali, anarudi, kiduara kinazunguka. Akiandika neno, herufi zinakuja baadaye, moja moja, kama wazee wanaotoka kanisani. Siku moja aliandika mstari mzima, akainuka akaanika nguo, na aliporudi mstari ndiyo ulikuwa unamalizia kutokea.

Ninyi mnaojua kukaa hamtaelewa jinsi kile kiduara kilivyonitesa. Kwa jicho moja nilikiona vizuri kuliko kitu kingine chochote mle ndani. Nikawa nasimama, nazunguka kiti, nakwenda mlangoni, narudi. Yeye anasema, "Baba, kaa. Daktari alisema nini?" Mimi nasema, "Mbona yenyewe inazunguka na haijaambiwa ikae?"

Mwalimu mwenzake akasema ni virusi. Akaleta kitu cha kuua virusi, kikachukua Jumapili yote kutafuta, hakikuona hata mmoja. Jirani wa nyuma akasema ni umeme mdogo. Tukazima friji, tukazima redio, tukakaa na taa moja. Kiduara palepale. Jumapili jioni binti akafunga macho akaegemea kiti, akasema taratibu, "Baba, mimi nadhani hii digrii haikuwa yangu."

Jumatatu alipokwenda shuleni nikasimamisha bodaboda.

Najua nilikatazwa kubeba kizito. Nilibeba. Niliipakata ile kompyuta, kasha peke yake, nyuma ya pikipiki, jicho limefungwa pamba, nimeikumbatia kama mgonjwa. Na ilikuwa imevaa. Hapo ndipo niwaambie habari ya gauni.

Mke wangu ni fundi wa vitambaa. Kila kitu cha maana nyumbani kwetu kinavaa: kochi linavaa, redio inavaa, mtungi wa maji una kofia. Ndivyo akina mama wa kwetu walivyo, kitu kikikaa uchi sebuleni wageni watasema nyumba hii haina mwanamke. Basi zile siku tano alizokaa Mandewa aliona kompyuta iko wazi, na vumbi linaingia hata kwa hayo madirisha ya vioo, na mwanawe ana kazi kubwa ndani yake. Akapima kwa kamba. Kwanza akatia nailoni nzito kuzuia vumbi, juu yake akashona kitambaa cheupe chenye maua mekundu, kikafunika pande zote, kimefungwa riboni nyuma. Mbele akaacha tundu moja la kidole, pa kuwashia, amelizungushia uzi kama tundu la kifungo. Kazi nzuri sana. Alipoondoka aliniambia, "Baba watoto, hata kama huoni, hili usiliache uchi." Nikaapa. Tena nikawa mlinzi mkali. Binti akitaka kulivua nasema, "Mama yako je?" Anaacha. Kwetu mama akitandika kitambaa nyumbani kwa binti yake, hakiondolewi. Kukiondoa ni kama kumwambia mguu wake urudi ulikotoka.

Basi njia nzima watu wananiuliza. Dereva mwenyewe akageuza shingo, "Mzee, huyo ni bibi harusi au marehemu?"

"Angalia barabara."

"Nauliza niendeshe kwa furaha au kwa majonzi."

Fundi niliyeelekezwa mjini alikuwa mama wa makamo, miwani imening'inia kwa kamba shingoni, duka lake limejaa matumbo ya mashine. Aliniamkia vizuri, akapokea mzigo, akauweka juu ya meza, akaufungua riboni kwa adabu, akakunja gauni akaniwekea mapajani. Akaunganisha kioo chake. Akawasha.

Ikawaka mara moja. Akabonyeza hiki, kikafunguka. Kile, kikafunguka. Kazi ya binti yangu, kurasa zote, ikaja kama imeitwa jina.

"Mzee wangu," akasema, "huyu mgonjwa mbona anacheza?"

"Nyumbani hachezi."

"Ni ya zamani, siwezi kusema ni mpya. Lakini kwa kuandika, mbona inatosha? Iangalie."

Niliiangalia. Nilitaka kuipiga. Nikaivalisha palepale mlangoni isipigwe na upepo, nikafunga riboni, nikarudi nayo. Binti aliporudi nikamwambia imepona. Alipiga makofi kama mtoto. Akakaa, akaandika labda ukurasa mmoja, na kiduara hiki hapa.

Jumanne sikukumbuka hata kuweka dawa ya jicho. Jumatano nikairudisha kwa fundi. Ikacheza tena. Fundi akavaa miwani akanitazama mimi badala ya kompyuta. Nadhani aliwaza ni mzee asiye na kazi anatafuta pa kupumzikia. Nikamwambia habari ya Ijumaa. Nikamwambia na ya jicho la kushoto, sijui kwa nini, mtu hakuiuliza. Akafunga duka.

"Twende kwako," akasema. "Kuna wagonjwa wanapona wakiona hospitali tu. Huyu nimwone akiwa kwake."

Tukaja Mandewa. Nikaiweka mezani, upande wake wa ukutani kama kawaida, nikaanza kurekebisha gauni lililokuwa limepinda njiani, nivute chini vizuri.

"Mzee. Unafanya nini?"

"Naivalisha."

"Hii nguo huwa inavaa ikiwa imewashwa?"

"Inavaa saa zote. Ina tundu la kuwashia, ona." Nikamwonyesha, kwa kujivuna kabisa.

Yule mama alicheka mpaka akavua miwani. Halafu akaacha ghafla, kama amekumbuka yuko kwa watu. Akasema tuiwashe hivyohivyo, imevaa, tungoje. Tukangoja. Mimi nikazunguka meza mara hamsini. Yeye alikaa tu, watu wengine wameumbwa na makalio. Baadaye akauchukua mkono wangu, akauingiza chini ya gauni, akauweka juu ya bati.

Nimeshika vitu vya moto vingi. Nimeshika bomba la lori, nimeshika jiwe la jikoni. Nilirudisha mkono haraka.

"Ndani mna feni," akasema. "Inavuta hewa mbele, inatoa nyuma. Mmeziba mbele kwa nailoni, nyuma kwa riboni na ukuta. Ikizidiwa na joto inajipunguzia mwendo yenyewe, isiungue. Siyo mvivu huyu. Anakosa hewa."

Akaizima, akaifungua kwa bisibisi. Ndani vumbi jekundu limelala kwenye feni kama nyasi kwenye kiota, la miaka ya ofisi na la kwetu juu yake. Akalitoa kwa brashi, nje, mimi akaniweka mbali kwa ajili ya jicho. Akafunga, akaisogeza mbali na ukuta, akawasha bila nguo. Tukakaa nayo mpaka binti akarudi, na haikuzunguka.

Binti aliposikia alishika mdomo. Kwanza alicheka, na mimi nikacheka. Halafu akauliza, "Mama tutamwambiaje?"

"Niachie mimi," nikasema.

Alhamisi aliandika vizuri. Tatizo la kompyuta lilikuwa limeisha, mngeweza kufunga kitabu hapo. Lakini Ijumaa asubuhi ndiyo ilikuwa siku ya kurudi kwa daktari, na mke wangu alikuja na gari la kwanza kutoka Mtinko anipeleke. Alishuka na jogoo chini ya kwapa na mfuko. Binti alikuwa ameomba ruhusa shuleni, yuko mezani, anapanga yale majedwali yake ya mwisho. Akainuka, "Shikamoo mama," akampokea jogoo, akarudi kukaa upesi.

Mke wangu akasimama katikati ya sebule. "Nani amelivua?"

Gauni lilikuwa juu ya mkono wa kochi. Nilikuwa nimesema niachiwe mimi. Tangu Jumatano nilikuwa nazo siku mbili za kutunga maneno, na simu ninayo. Nikasema, "Linafuliwa."

"Linafuliwa likiwa limekunjwa?"

"Litafuliwa. Lilishika vumbi."

Akalinusa. "Limenyooka kama nilivyoliacha." Akafungua mfuko, akatoa jingine, jipya, dogo, maua yaleyale, la kioo. Alikuwa ameshona kule Mtinko, usiku usiku, kwa wiki tatu bila kipimo, kwa kukumbuka tu. "Nimeona mwenzake yuko uchi," akasema, na akacheka, amefurahi. Binti akanitazama mimi. Mimi nikatazama dirisha.

Mke wangu akalivalisha kasha, nailoni na yote, akafunga riboni, akalisukuma ukutani pa zamani. La kioo akalitupia juu, likaning'inia nyuma. Binti aliyaona yote. Angesemaje? Ni mama yake, anatoka Mtinko, na maua yake. Aliinamisha kichwa akaendelea kuandika kwa haraka, kama mtu anayewahi mvua.

Tulikuwa tuondoke kwenda hospitali. Nikasema jicho haliumi, tungoje kidogo. Mke wangu akaketi na chai. Saa nne na nusu herufi zilikuwa zinakuja. Saa tano zikaanza kuja moja moja. Nikasikia feni ndani ya nguo inalia, sauti nyembamba. Saa tano na robo kiduara. Binti akaacha kuandika. Mikono mapajani. Jasho puani. Saa tano na nusu alikuwa amebakiza kuifunga kazi iwe kitu kimoja na kuituma kwa mtandao wa simu yake, na yenyewe inazunguka, inazunguka, na yeye hanitazami tena. Hilo ndilo lililonimaliza, kwamba aliacha kunitazama.

"Mama watoto," nikasema, "hilo gauni linaiua."

"Nini?"

"Inapumua kama mtu. Tumeiziba. Vua."

Alidhani nina utani. Nikafungua riboni mwenyewe, ikajifunga fundo, nikaikata kwa meno. Nikavuta kasha kutoka ukutani. Joto likatoka kama mlango wa tanuri. Mke wangu alisimama na kikombe.

"Umejua lini?"

Nikatema uzi wa riboni.

"Mwanangu, baba yako amejua lini?"

Binti akasema kwa sauti ndogo, "Jumatano, mama."

"Jumatano." Akaweka kikombe chini. "Mimi usiku wa Jumatano nilikuwa nashona la kioo. Mngenipigia simu." Halafu kwangu, kwa kilugha chetu, maneno ambayo sitayaandika hapa, siyo matusi, ni mabaya kuliko matusi. Mwisho akarudi Kiswahili ili mwanawe asikie: "Umeniacha niivalishe, unaniangalia."

Akaingia jikoni. Nikajua analia. Akatoka na ungo. Akapiga magoti mbele ya lile kasha akaanza kulipepea, kwa mikono miwili, kama anapepeta ulezi, kilemba kimemteremka. Binti anatazama kioo. Mimi sikuwa na kazi. Nikanyoosha mkono niupokee ungo, akaupitisha upande wa pili bila kunitazama, akaendelea.

Kiduara kikasimama. Binti akabonyeza. Ikafunguka. Akabonyeza tena, akachomeka simu, akasema, "Inakwenda," halafu, "Nusu," halafu akaikazia macho ile simu. Saa ya ukutani ilikuwa imebakiza dakika saba.

"Imefika mama," akasema. "Wamejibu kwamba imefika."

Alimkumbatia mama yake palepale chini, ungo katikati yao, wote wawili wanalia na kucheka. Mke wangu akanyoosha mkono mmoja nyuma ya mgongo wa mwanawe, akayaokota yale magauni mawili, akayakunja juu ya goti lake, maua kwa ndani.

Nilisimama hapo. Nilifikiri niseme pole, nikafikiri niseme hongera. Nikavaa kofia. Binti akauliza kwa juu ya bega la mama yake, "Baba, unakwenda wapi? Hospitali bado."

"Nakuja," nikasema.

Nikatoka na pamba yangu jichoni, nikafuata barabara, upepo umeshaanza, nikaipita njia ya hospitali bila kuingia, nikafika mahali magari ya Mtinko yanapopakia nikapanda lililokuwa limeshawasha injini. Binti huja kunisalimia sikukuu, joho lake la digrii alishalivaa, picha ninayo. Mke wangu tunaishi naye vizuri, ila kushona ameacha. Nyumba ile ya Mandewa sijaikanyaga tena.